Chini ya Mstari wa Stempu

Ijumaa ni siku ya samaki na chipsi, na siku hiyo hakuna mtoto anayekosa shule. Hata wanaougua tumbo tangu Jumatatu hupona Alhamisi jioni. Kwa hiyo saa tano na robo asubuhi, katika jikoni la shule, Glenda Murgatroyd alikuwa anapanga vipande mia mbili na arobaini vya samaki kwenye trei, vyote vikitazama upande mmoja, na ndani ya mfuko wa aproni yake simu ilikuwa inapiga muziki.

Ulikuwa muziki wa kusubirishwa. Alianza kuusikiliza saa tatu na nusu mezani kwake, akaendelea nao kituoni kwenye mvua, akapanda nao basi la Keighley, kaskazini mwa Uingereza, akashuka nao. Kila baada ya dakika mbili sauti ya mwanamke ilikatiza kumwambia kwamba simu yake ni muhimu. Glenda alimjibu mara ya kwanza. Mara ya pili akajua kwamba yule hakuwa mtu.

"Mama Glenda, hiyo redio yako haina wimbo mwingine?" aliuliza Kayleigh, akimimina njegere za barafu kwenye sufuria. Kayleigh alikuwa na miaka ishirini na minne, kucha ndefu za rangi ya zambarau alizokuwa amezifunika kwa glavu mbili mbili, na hiyo ilikuwa siku yake ya tatu ya kujifunza kazi. Jumatatu angeichukua nafasi ya Glenda.

"Nawasubiri watu wa pensheni. Wameniletea barua ya mtu mwingine."

Barua yenyewe ilifika jana. Trevor, mumewe, aliipachika nyuma ya saa ya ukutani kama anavyopachika barua zote, kwa imani kwamba zikikaa huko muda wa kutosha zitajijibu. Glenda aliifungua asubuhi hii akitafuna mkate. Ilisema kwamba kuanzia Jumanne, atakapotimiza miaka sitini na sita, serikali itamlipa pauni mia moja na tano na senti ishirini na sita kwa wiki, kwa sababu ana miaka kumi na sita ya michango. Pensheni kamili ni pauni mia mbili na thelathini, na hudai miaka thelathini na mitano. Glenda aliisoma mara mbili, akamwonea huruma huyo Murgatroyd mwingine, mvivu wa watu, ambaye karatasi zake zilikuwa zimechanganyika na zake.

Maana yeye alikuwa amefanya kazi miaka hamsini. Kazi ya kusafisha ofisi za mawakili alikuwa ameiaga Jumatano. Ya kusafisha baa aliiaga jana. Ya jikoni alikuwa anaiaga leo, na baada ya hapo angekaa. Daktari alikuwa amemwambia akae tangu mwaka juzi. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imelika, na foleni ya kubadilishiwa nyonga ilikuwa ndefu kuliko ya siku ya samaki. "Punguza kusimama," daktari alimwambia. Glenda alimjibu kwamba sakafu haijapata kupigwa deki na mtu aliyekaa, lakini alihesabu miezi, na miezi sasa ilikuwa imekwisha.

Wakati trei ya nane ilipoingia tanurini, muziki ulikatika.

"Habari za asubuhi, unaongea na Callum. Samahani sana kwa kukusubirisha."

Glenda aliitoa simu, akaiegemeza kwenye kopo la siki na kuipandisha sauti, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na unga. Kwa kanuni za jikoni, simu hairuhusiwi. Janice Farrar, msimamizi, alikuwa ndani ya kiofisi chake chenye kioo. Aliiona simu, akageuza kiti.

"Callum, mpenzi, mmenipa barua ya mtu mwingine."

"Tutaangalia. Nina maswali machache ya usalama kwanza."

Alimpa tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba yake ya bima ya taifa, ambayo aliijua kwa moyo tangu akiwa na miaka kumi na sita, na jina la ukoo la mama yake. Kayleigh alisikia yote, na kama angekuwa mwizi angeondoka pale na Glenda mzima mzima.

"Haya, nakuona," alisema Callum. "Sema shida yako."

"Imeandikwa miaka kumi na sita. Mimi sijawahi kukaa nyumbani hata wiki mbili, isipokuwa nilipotolewa kifuko cha nyongo. Na hata siku hiyo nilipiga simu kuuliza kama wamekumbuka kufuta madirisha."

Ilisikika sauti ya vidole vikigonga vitufe huko alikokuwa Callum.

"Naona tangu 1976 mpaka 1992. Kiwanda cha nguo."

"Cha sufu. Kikafungwa."

"Miaka kumi na sita imejaa, hakuna pengo. Vizuri kabisa. Halafu kuanzia 1992 naona waajiri watatu kwa wakati mmoja."

"Ndiyo hao! Unaona? Watatu. Andika hapo."

"Wameandikwa. Ila kila mmoja alikuwa anakulipa chini ya kiwango cha michango."

"Chini ya stempu," alisema Glenda, na shingo yake ikarefuka kidogo, kama ya mtu anayesifiwa mbele ya wageni. "Nilihakikisha mwenyewe."

Callum aliuliza kama aliyesikia vibaya.

"Ulihakikisha?"

Alikuwa amehakikisha. Kiwanda kilipofungwa, wanawake wakubwa wa mashine za kusokota waliwakalisha wadogo na kuwapa hekima yao yote kabla ya kutawanyika: usichukue kazi moja kubwa, chukua ndogo tatu, na kila moja iwe chini ya stempu, kama walivyouita mchango wa bima ya taifa, usikatwe hata senti. Glenda aliishika kama sala. Kila Aprili, serikali ilipopandisha mshahara wa chini, yeye alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mashine ya kuoshea vyombo, akahesabu kwa vidole, kisha akaenda kwa msimamizi kuomba apunguziwe saa ili asivuke mstari. Zamani zilikuwa saa kumi na sita kwa wiki kwa kila kazi. Zikawa kumi na nne. Zikawa kumi na mbili. Sasa zilikuwa kumi. Wasimamizi wanne walipita, na wote walimwuliza, "Glenda, huongezi hata saa moja?" na wote aliwajibu, "Naijua hiyo janja yenu." Wanawake wengine walimletea hati zao za mshahara awapigie hesabu, na yeye aliwapigia bure. Walimwita daktari wa stempu. Juzi Jumatano tu alikuwa amempigia hesabu Kayleigh.

"Hilo sasa ndilo tatizo, Bibi Murgatroyd," alisema Callum. "Mwaka unahesabiwa pale tu unapolipwa zaidi ya mstari huo. Ukiwa chini yake, kwetu mwaka huo haupo."

"Haupo vipi? Mimi nilikuwapo."

"Ninaelewa."

"Nilikuwa na kazi tatu. Zijumlishe."

"Hazijumlishwi. Kila mwajiri anaangaliwa peke yake."

"Nani kasema?"

"Sheria."

"Basi nipe huyo niongee naye."

Kayleigh alicheka, kisha akaona uso wa Glenda, akarudi kwenye njegere.

Callum alikuwa kijana mwenye adabu, na alijitahidi. Alieleza kwamba kuna msaada wa kujazia kwa wazee wenye pensheni ndogo. Aliuliza kama Glenda ana mume. Glenda akasema anaye, miaka sitini na mmoja, anaendesha gari la vifurushi. Callum akasema, ah, kwa kuwa mume hajafika umri wa pensheni, msaada huo haumhusu Glenda mpaka mume afike, na kwa waliozaliwa mwaka wake ni miaka sitini na saba.

"Miaka sita?"

"Ndiyo, kama sheria haitabadilika."

"Huyo sheria ana kazi nyingi," alisema Glenda.

Callum alieleza pia kwamba Glenda anaweza kununua miaka inayokosekana. Si yote. Sita ya mwisho tu. Kila mmoja ni karibu pauni mia tisa.

Glenda alifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Ngoja nikuelewe. Ninunue miaka niliyokwisha kuifanyia kazi?"

"Ndiyo... inaweza kuelezwa hivyo."

"Hebu nikuulize jambo moja, mpenzi. Ningevuka huo mstari wenu, mngekuwa mnanikata kiasi gani?"

Vitufe viligongwa tena. Mtu anayejua jibu na hapendi kulisema huwa anagonga vitufe vingi.

"Tangu mwaka 2000," alisema, "kuna mistari miwili. Wa chini ni wa kuhesabiwa mwaka. Wa juu ni wa kuanza kukatwa. Ukiwa katikati, mwaka unahesabiwa na hukatwi."

"Hukatwi kiasi gani?"

"Hukatwi kitu, Bibi Murgatroyd. Sufuri. Ungeongeza saa moja tu kwa wiki, kwenye kazi moja kati ya zile tatu, basi."

Tanuri lililia kuashiria kwamba trei ya kwanza imeiva. Glenda hakusogea. Kayleigh ndiye aliyelifungua, na moshi wa samaki ukapanda mpaka darini.

"Miaka ishirini na tano," alisema Glenda. "Mbona hamkuniambia?"

"Maelezo yote yapo kwenye tovuti," alisema Callum. Kwa haki yake, ilisikika kwamba aliona aibu. "Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia leo?"

"Hapana, mpenzi. Umenisaidia kweli kweli."

Akaikata simu na kuirudisha mfukoni, ikiwa na unga. Kisha akachukua koleo akaanza kugeuza samaki, kwa sababu watoto hufika saa sita na samaki hawajui habari za mtu.

Saa sita na dakika ishirini na tano, wimbi la mwisho la watoto lilipokuwa likipakuliwa, Glenda alimwachia Kayleigh kijiko cha njegere, akaenda kugonga kwenye kioo cha Janice. Juu ya meza ya Janice kulikuwa na keki ya waridi ya kumuaga Glenda chini ya taulo, na kila mtu jikoni alijifanya haioni.

"Usiangalie huko!" alisema Janice. "Ni ya saa saba. Tumesema saa saba."

"Janice, nataka kuirudisha barua yangu."

"Barua gani?"

"Ya kuacha kazi."

Janice alicheka. Alikuwa mwanamke mnene, mwema, mwenye wajukuu wawili na mabosi watano. Kisha akaacha kucheka, kwa kuwa Glenda alikuwa ameshika ukingo wa meza na uzito wake wote ulikuwa kwenye mguu wa kulia. Alimsikiliza mpaka mwisho. Ilichukua dakika tatu. Jambo la miaka ishirini na tano likishaeleweka, kumbe ni fupi.

"Hukatwi kitu?" aliuliza Janice.

"Sufuri. Kijana kaniambia."

"Na mimi nilikuwa nakuomba kila Septemba uongeze saa."

"Najua."

"Hata mimi sikujua kwamba ingekufaa. Nilitaka tu mtu wa kufuta meza mwishoni." Janice alishika karatasi moja, akaiachia. "Shoga, nafasi imeshakwenda. Makao makuu wameshaiingiza kwa jina la Kayleigh. Nikiwaambia sasa umerudi, watazigawa saa tano tano, na nyote wawili mtakula upepo."

"Sitaki saa zake."

"Kule kwa mawakili je?"

"Wameleta kampuni ya usafi. Na mwenye baa kamweka shemeji yake."

Janice alitazama kalenda ya ukutani, mahali ambapo watu hutazama wanapotafuta huruma ambayo hawana mamlaka ya kuitoa.

"Nina uwanja," alisema mwishowe. "Maxine ameacha tangu Krismasi. Kuangalia watoto wakati wa mapumziko, saa moja kwa siku. Saa tano kwa wiki. Lakini ni kusimama, Glenda. Nje. Na ni Februari."

"Kuna kiti?"

"Kiti hakiruhusiwi. Wanasema ukikaa huoni."

"Naichukua."

"Nyonga yako je?"

"Nayo itakuja."

Janice alivuta droo, akatoa koti la njano linalong'aa na filimbi yenye kamba nyekundu. Glenda hakuvipokea kwanza. Alikuwa anaangalia karatasi iliyokuwa karibu na kalamu, yenye jina la Kayleigh na namba kumi kwenye kisanduku cha saa.

"Hajatia saini?"

"Saa nane. Kataka kumi mwenyewe. Kasema wewe ndiye umemwambia."

"Mwandikie kumi na moja."

"Glenda, kila karatasi ninayobadilisha inabidi nimpigie mtu wa makao makuu kule Leeds, na huyo mtu wa Leeds hapendi kupigiwa."

"Umenibembeleza miaka sita. Mbembeleze yeye siku moja."

Akaenda kumwita Kayleigh. Kayleigh alikuja na njegere moja kwenye nywele, akasikiliza akiwa amekunja mikono, glavu juu ya glavu. Macho yake yakawa madogo.

"Subiri. Jumatano ulikaa hapo juu ya ndoo, ukaniambia kumi. Ukaniambia nikivuka kumi wataninyonya. Ukaniapia kwa kaburi la mama yako."

"Nilikosea."

"Na leo unasema kumi na moja. Mbona inanuka, mama? Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu."

"Watu hawasemi hivyo bila kutaka kitu. Mimi nina kucha zangu za kutengeneza jioni, nina kodi ya nyumba, yule bwana wangu hana kazi. Wakinikata hata pauni kumi, nimekwisha."

"Hawakukati."

"Jumatano walikuwa wananikata!"

Glenda alitia mkono mfukoni. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa na jibu kwa kila mwanamke aliyeleta hati ya mshahara kwenye ile ndoo. Leo alikuwa na barua tu.

"Ushaona barua yangu?" alisema. Akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne na unga umeingia kwenye mikunjo, akamwekea mkononi. "Isome. Halafu mpigie Callum. Usinisikilize mimi."

Mlango wa ukumbi ulifunguliwa na mwalimu akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye ameuliza mara moja tayari, kama kuna mtu wa uwanjani leo au watoto waendelee kuuana. Glenda alivaa koti la njano juu ya aproni, akaning'iniza filimbi shingoni, akatoka.

Nje mvua ilikuwa imekonda lakini haijaacha. Watoto mia mbili na arobaini, wamejaa chipsi, walikuwa wanakimbia bila mpango wowote unaojulikana. Wawili walikuwa farasi. Mmoja alikuwa analia na kusahau, analia na kusahau. Glenda alisimama penye mstari wa rangi ya manjano, akauegemeza mgongo kidogo kwenye ukuta, ambao kwa kanuni hauhesabiwi kuwa kiti. Alijaribu kupiga hesabu ya saa tano kwa wiki, ngapi ziwe za kununulia mwaka mmoja, na mwaka huo mmoja urudishe pauni ngapi. Alipofika katikati alipoteza tarakimu kwa kuwa mtoto alimgonga gotini, akasema samahani, akakimbia.

Dirisha la jikoni likafunguliwa kwa kishindo. Kayleigh akatoa kichwa, simu sikioni.

"Glenda! Janice kabadilisha! Kumi na moja!"

Glenda alipunga mkono.

"Na mtu wa Leeds kasema hawanikati kitu! Hata senti! Ni kweli, basi?"

"Ni kweli!"

Kayleigh akaushika ukingo wa dirisha kwa glavu zake mbili mbili, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwenye lango, bila kejeli, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Sasa kama ilikuwa bure, kwa nini ulikuwa unatuambia tusivuke?"

Glenda alipiga filimbi.

Katika shule ile filimbi ya kwanza maana yake ni kusimama palepale ulipo, na ya pili ni kwenda kupanga mstari. Watoto wanafundishwa hivyo tangu wana miaka minne na hawasahau. Wote mia mbili na arobaini wakaganda, farasi kwato juu, mpira ukaenda peke yake mpaka kwenye uzio, na mvua ikawanyeshea wakiwa kimya, macho yote kwa mwanamke wa koti la njano, wakisubiri filimbi ya pili.